Leparua, Upande wa Pili wa Uzio

Uzio wa umeme wa hifadhi ya Lewa, katika kaunti ya Meru, haukufungwa pande zote. Pameachwa mapengo kwa makusudi. Penye pengo hapana lango wala askari wa kufungua na kufunga. Pana vigingi vifupi tu, vimesimikwa karibukaribu. Kifaru akifika hapo hugeuza, maana miguu yake mifupi haivuki na mwili wake haupenyi. Ndovu hasumbuki. Huinua mguu wa mbele akakanyaga upande wa pili, wa nyuma ukafuata, naye huyo. Kamera zilizofungwa hapo huwanasa wapitaji: ndovu, punda milia, fisi, chui, mara mojamoja simba.

Hesabu ya waliobuni pengo hilo inaeleweka. Kifaru, anayewindwa na majangili, anabaki ndani akilindwa. Ndovu, anayehitaji nchi pana, anaendelea na njia zake za tangu zamani, kutoka misitu ya Mlima Kenya kushuka hadi nyanda kame za Isiolo na Samburu. Mwaka 2011 njia hiyo ilipata hata kivuko chake: pito lilijengwa chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, na ndovu wakaanza kulitumia baada ya siku chache. Mwaka 2013 UNESCO ikapanua eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya, Lewa na msitu wa Ngare Ndare vikaingizwa ndani.

Hayo yameandikwa sana. Walioandikwa kidogo ni wale wanaoishi pale ndovu anapotokea.

Leparua ni hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 2011 katika kaunti ya Isiolo. Inapakana na Lewa na hifadhi ya Il Ngwesi, na ni mwanachama wa Northern Rangelands Trust (NRT), muungano wa hifadhi za wafugaji ulioanza mwaka 2004. Msomaji wa mjini asidhani hapa pana mbuga yenye lango na tiketi. Ni malisho ya watu: kuna manyatta, shule, visima, ng'ombe, mbuzi na ngamia, na maskauti waliozaliwa hukohuko wanaozunguka na redio za mawasiliano mkononi. Ndovu yuleyule aliyepigwa picha na mtalii saa kumi jioni anaweza kuwa kando ya tangi la maji la kijiji saa tano usiku.

Na hapo ndipo penye kiini cha habari yote ya wanyama wasumbufu, iwe ni Leparua, Ongata Rongai kando ya Nairobi au Diani kule pwani. Uzio, taa, kelele na mizinga ya nyuki haviumalizi usumbufu. Mara nyingi vinauhamisha. Aliyejikinga vizuri humwachia mgeni huyo jirani yake ambaye hakujikinga. Kabla ya kuuliza mnyama atafukuzwa vipi, inafaa kuuliza akifukuzwa ataelekea kwa nani.

Ndovu mkubwa hula takriban kilo 150 za nyasi, magome na matawi kwa siku, na hunywa lita 100 hadi 200 za maji. Kiangazi kikikolea, maji ya uhakika hubaki mahali pachache, na mengi yana wenyewe: tangi la shule, birika la kunyweshea ng'ombe, bomba la plastiki lililofukiwa juujuu. Ukame wa mwaka 2022 uliacha hesabu ya kutisha. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo Kenya ilipoteza ndovu 205. Punda milia wa Grevy, ambao duniani kote wamebaki takriban 3,000 na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya, walikufa 49. Mnyama aliyefikishwa hapo na kiu hashtushwi na debe linalopigwa.

Debe ndilo dawa ya kwanza, na ndiyo dawa rahisi: mabati, tochi, moto, mbwa, vuvuzela. Husaidia, tena husaidia sana siku za mwanzo. Kasoro yake ni kwamba ndovu hupima. Kelele ambayo haijawahi kufuatwa na maumivu huizoea, na akishaizoea mwenye debe hujikuta anasogea karibu zaidi ili aogopwe. Usiku, kwenye kichaka, na mnyama wa tani tano mbele yako, hatua hizo chache za kusogea ndizo hatari yenyewe.

Dawa moja yenye maumivu ya kweli ilifanyiwa majaribio si mbali na Leparua. Mtafiti Lucy King, akishirikiana na shirika la Save the Elephants lililoanzishwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka 1993, alithibitisha kwamba ndovu wanawakimbia nyuki. Ngozi yao ni nene, lakini nyuki haendi kwenye ngozi nene. Huenda machoni, nyuma ya masikio, na akibahatika ndani ya mkonga. Ndovu akisikia mvumo wa nyuki waliochokozwa huondoka, na huwapa wenzake onyo kwa mngurumo mzito. King akatengeneza uzio wa mizinga: nguzo mbili, mzinga unaning'inia katikati chini ya kijipaa, kisha waya unaunganisha mzinga na mzinga, hatua kadhaa kutoka mmoja hadi mwingine. Ndovu akiusukuma waya apite, mizinga yote inayumba, na nyuki wenyewe wanatoka.

Majaribio yalifanywa kwa miaka miwili katika vijiji vya wakulima wa Kiturkana, Chumvi Yare na Etorro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Mashamba yalikuwa 34, nusu yakiwa na uzio wa mizinga na nusu yakiwa na ua wa kawaida wa matawi ya miiba. Ndovu walifaulu kuingia mara 32. Kati ya hizo, mara moja tu walipita kwenye mizinga. Takwimu hiyo husifiwa sana, na inastahili, kwa sababu zaidi ya kulinda mazao wakulima walirina asali wakauza. Lakini isomwe pia kutoka upande wa pili: zile mara 31 nyingine, ndovu aliingia kwa jirani mwenye miiba.

Nyuki nao wana mipaka yao. Katika eneo la Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, wakulima walifuatiliwa kwa miaka tisa, na ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika misimu ya mavuno uzio wa mizinga ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Lakini ukame wa mwaka 2017 ulipopiga, maua yakakosekana, nyuki wakahama, mizinga ikabaki mitupu. Kwa nchi kavu kama Isiolo hilo si jambo dogo. Mwaka ambao ndovu ana shida zaidi ya kuingia kijijini ndio mwaka ambao mzinga una nafasi kubwa ya kuwa mtupu.

Uzio wa umeme una hadithi yake. Ndovu dume wazee hujifunza kwamba pembe haiwapigi shoti. Mmoja huingiza pembe chini ya waya, anauvuta mpaka unakatika, au anaisukuma nguzo ikalala, na vijana wanaomfuata wanaangalia na kujifunza. Madaktari wa wanyama wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) wamewahi kuwachoma sindano ya usingizi wavunja nyua sugu na kuwapunguza pembe. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndovu hao walipunguza kuvunja, ingawa hawakuacha kabisa. Kwa maneno mengine, umeme pekee hautoshi. Uzio unahitaji watu wa kuutembelea kila siku, kukata majani yanayougusa na kuunga waya uliokatika kabla jua halijatua.

Lakini ukimwuliza mfugaji ni mnyama gani anayemkosesha usingizi, mara nyingi hatataja ndovu. Atataja fisi.

Fisi madoa hahitaji kuingia zizini. Wakati mwingine huzunguka tu nje ya ua wa miiba, harufu yake ikaingia, ng'ombe wakataharuki, wakasukumana mpaka ua ukafunguka kutoka ndani. Kinachofuata kinatokea gizani, huko nje, ambako hakuna wa kulinda. Chui yeye huruka. Akiwa ndani ya banda dogo la mbuzi wanaokimbia huku na huku, huua zaidi ya anavyoweza kula. Simba hutafuta ng'ombe na ngamia. Ua mmoja, basi, unatakiwa kufanya kazi tatu: uwe mrefu usirukwe, uwe imara usifunguliwe na mifugo, na uwe umezibwa chini usichimbwe. Mfugaji mzoefu huanza kukagua mlangoni. Ua wa miiba unaweza kuwa mnene ajabu halafu mlango wake ukawa tawi moja linaloburutwa jioni na mtoto aliyechoka.

Waya wa wavu kwenye nguzo imara, na mlango wa bati unaofungwa kwa komeo, hubadilisha mambo sana kwenye maboma. Gharama ndiyo kikwazo, na mfugaji anayehamahama hawezi kubeba nguzo za chuma kila msimu. Bado kuna mambo yasiyo na gharama: kuhesabu mifugo kila jioni, kwa sababu mbuzi aliyesahaulika malishoni ndiye wa kwanza kuliwa, kutowaachia watoto wadogo kundi peke yao penye vichaka, kutotupa mzoga karibu na boma. Upande wa Samburu, shirika la Ewaso Lions, lililoanzishwa na Shivani Bhalla mwaka 2007, lilianza mwaka 2010 kuwashirikisha morani. Vijana hao, ambao kwa mila ndio waliokuwa wakiwinda simba, hufuatilia nyayo na kuwaambia wachungaji asubuhi: leo msipeleke ng'ombe upande ule. Ni kazi ya taarifa tu, na taarifa ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Taa nazo zimesaidia, na zilibuniwa na mtoto. Richard Turere, kijana wa Kimaasai kutoka Kitengela, alikuwa na umri wa miaka 11 hivi alipochoka kuona simba wa Mbuga ya Nairobi wakila ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, akaona unawaonyesha simba njia. Akaweka sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakaondoka, siku ya pili wakaona sanamu haitembei, wakaingia. Usiku mmoja, akiwa anazunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazifunga kuzunguka zizi ziwake na kuzima kwa zamu. Mwaka 2013 aliieleza dunia ubunifu wake kwenye jukwaa la TED. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulithibitisha kwamba kwenye maboma yenye taa hizo kuzunguka mbuga ile, mashambulizi ya usiku yalipungua.

Wapo wanaochagua njia ya mkato, yaani sumu. Dawa ya wadudu yenye kabofurani, iliyojulikana madukani kwa jina la Furadan, ilipakwa kwenye mizoga mara nyingi kiasi kwamba mtengenezaji wake aliiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009. Sumu haichagui. Anayekufa kwanza mara nyingi ni tumbusi, na tumbusi wakiisha mizoga hukaa muda mrefu zaidi, ikawaita fisi na mbwa walewale mtu aliokuwa akiwakimbia.

Mambo haya yote yanasikika ya mashambani. Yasimdanganye mtu wa mjini. Kaunti ya Isiolo ilikuwa na watu 143,294 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ikahesabu 268,002. Barabara ya lami imefika Moyale, mji wa Isiolo una uwanja wa ndege wa kimataifa tangu 2017, na mpango wa miundombinu wa LAPSSET umeuweka kwenye njia ya kutoka Lamu. Ploti zinapimwa kila upande wa mji. Kinachoweza kufuata kinaonekana ukiitazama Nairobi, ambayo mbuga yake ilitangazwa mwaka 1946 pembezoni mwa mji, na sasa imezungukwa. Machi 2016 simba aliyepewa jina la Mohawk alitoka mbugani, akafika Isinya, akamjeruhi mtu kisha akapigwa risasi. Julai 2021 simba mwingine aliamkia katikati ya nyumba za watu huko Ongata Rongai mpaka KWS ikaja na sindano ya usingizi. Februari 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia alishambuliwa na fisi, na wenzake wakaandamana barabarani kudai usalama.

Fisi wa mjini hufuata jambo moja zaidi ya mengine: taka. Mabaki ya buchani, matumbo ya kichinjio kisicho rasmi, kuku waliokufa. Mji wa Mekelle, kaskazini mwa Ethiopia, unaonyesha sura ya pili ya jambo hili. Watafiti walikadiria mwaka 2021 kwamba fisi wa huko hula tani 207 za mizoga kwa mwaka, na kwa kufanya hivyo hupunguza maambukizi ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe. Hiyo haimaanishi kwamba kila mtaa ufuge fisi. Inamaanisha kwamba halmashauri inayotaka kuwaondoa fisi, na ikaacha jalala lilivyo, itapata wageni wengine: mbwa koko, panya, kunguru.

Kunguru wa pwani ndio somo la gharama kubwa kuliko yote. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Wakala taka, wakala na vifaranga vya watu na mayai ya ndege wa asili, wakasambaa hadi Mombasa, Malindi na Dar es Salaam. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kwa sumu maalumu.

Kuna wanaodhani dawa ni kumhamisha mnyama. Oktoba 2024 KWS ilihamisha ndovu 50 kutoka hifadhi ya Mwea, yenye kilomita za mraba 42 na ndovu 156, kwenda Aberdare. Kazi hiyo ilihitaji helikopta, madaktari, kreni na malori, kwa ndovu 50 tu, kutoka hifadhi moja iliyozungushiwa uzio kwenda nyingine iliyozungushiwa uzio. Leparua haina hesabu ya namna hiyo. Ndovu wake hawakai. Wanapita, na wengine watapita mwezi ujao.

Kinachobaki ni fidia, na hapo sheria ina maneno mazuri. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaweka shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyamapori, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao navyo hulipwa. Madai hupitia kamati ya kaunti, hukaguliwa, kisha hupelekwa kwa waziri, na wenye madai kote nchini wamesubiri kwa miaka. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba anashauriwa asiguse mzoga mpaka skauti au afisa wa KWS auone. Ushauri mzuri, kama afisa atafika kabla ya tumbusi.

Orodha ya wanyama wanaolipiwa nayo ina tundu. Ndovu yumo, simba yumo, fisi yumo. Nyani na tumbili hawamo, ingawa ndio wanaoingia jikoni mchana kweupe, wakafunua sufuria, wakabeba vifaranga. Wakulima wa kaunti nyingi wamelilalamikia hilo tangu sheria ianze kutumika mwaka 2014. Huko Diani, ambako tumbili na mbega wamezungukwa na hoteli, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya mbega limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Upande wa jikoni ushauri wake ni wa kawaida kabisa: usiwalishe, na funika taka.

Sheria hiyohiyo ina kifungu kingine ambacho wanunuzi wa ploti za Isiolo wangepaswa kukisoma. Fidia ya mali hailipwi kwa mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kujikinga, wala kwa mtu ambaye matumizi yake ya ardhi yanapingana na mpango wa usimamizi wa ikolojia ya eneo hilo. Swali ni nani anautunga mpango huo, na nani ameuona. Ardhi nyingi ya Isiolo ni ya jamii, na sehemu kubwa bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, katika kaunti hiyohiyo, zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kudai kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Njia ya ndovu iliyochorwa ofisini bila wenye malisho kuiona itapingwa mahakamani. Isiyochorwa kabisa itauzwa futi hamsini kwa mia, na anayelipa pesa zake leo hukabidhiwa risiti na namba ya ploti, bila kuambiwa nani mwingine hupita hapo usiku.